Jina Langu Kwenye Programu ya Chanjo

Jumapili ya pili ya Julai, saa kumi alasiri. Lushoto, ukungu tangu asubuhi.

Leo hakuna habari za bustani. Najua wasomaji wangu wote tisa (nawahesabu, msidhani siwahesabu) mnasubiri kusikia kama miche ya matunda damu imestahimili baridi. Haijastahimili. Mitatu imenyauka kabisa, na mimi mwenyewe sina hali nzuri sana kuishinda.

Nimekaa mezani tangu tutoke kanisani. Mbele yangu kuna karatasi mbili. Ya kwanza ni barua niliyopewa ofisini, inanitaka nieleze kwa nini nisichukuliwe hatua za nidhamu. Ya pili ni jibu la barua hiyo, limeshachapwa vizuri, linangoja saini yangu tu. Jibu hilo sikuliandika mimi. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kulipeleka.

Nimenaswa.

Nimeliandika hilo neno peke yake ili nilione. Sasa nimeliona na wala sijisikii nafuu, kwa hiyo bora nianze mwanzo.

Mimi ni afisa wa kompyuta kwenye ofisi moja ya umma. Sitaitaja, nimeshapata akili. Kwenye karatasi za ajira kazi yangu ni kusimamia mifumo. Kwa vitendo, kazi yangu ni kufufua printa, na kupanda ghorofani mara mbili kwa wiki kumwambia mtu yuleyule kwamba kompyuta yake haijafa, waya umechomoka.

Miaka minne iliyopita nilitumwa kwenye zahanati moja upande wa Mlola, kuangalia kompyuta iliyokuwa imegoma. Huko ndiko nilikomjua nesi Mwanaidi. Alikuwa na daftari kubwa la chanjo za watoto, lile refu la mistari, limefungwa kwa kamba kwa sababu jalada lilikuwa limeshaachana na kurasa. Kila mwisho wa mwezi alikuwa analipekua lote, ukurasa kwa ukurasa, kutafuta watoto waliopitwa na sindano yao. Mifumo tuliyokuwa nayo ilitaka mtandao, na pale zahanati mtandao haushiki. Mpaka upande juu kwenye kona ya barabara, usimame karibu na jiwe moja hivi, uinue simu. Watu wa kule wote wanalijua hilo jiwe.

Nilirudi ofisini nikaandika programu. Ni ndogo. Inakaa kwenye simu, haihitaji mtandao kufanya kazi. Nesi anaingiza mtoto, mama yake, kijiji na tarehe, nayo inamwambia nani amepitwa na anakaa wapi. Siku akipita kwenye lile jiwe, inatuma taarifa yenyewe. Basi.

Niliiandika kwa kompyuta ya ofisi, saa za ofisi, kati ya printa na printa. Sehemu nyingine niliiandika hapa nyumbani, kwenye meza hii hii. Ukiniuliza kipi kiliandikwa wapi, siwezi kukuonyesha mpaka.

Mkuu wangu wa kitengo, Bwana Shemweta, aliipenda. Huyu ni mzee mpole, suti moja ya kijivu na sweta ndani mwaka mzima, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Kila asubuhi nampa shikamoo, anaitikia marahaba, kisha ananisalimia upya kwa Kishambaa, "Onga maundo," yaani umeamkaje, na hasogei mpaka nimjibu "Niwedi," kwamba ni mzima. Nilimfuata koridoni nikamwambia nataka kuiweka programu mtandaoni kwa leseni huria. Nikamweleza maana yake: mtu yeyote, wa ofisi yoyote, anaruhusiwa kuichukua, kuitumia, kuibadilisha na kuigawa bure, mradi tu asifute jina la mwenye haki. Alikuwa na mafaili kwapani, anawahi kikao.

"Wee endelea tu, mwanangu," akasema. "Kama inasaidia watu, shida iko wapi?"

Nikaendelea. Sikuandika dokezo.

Mtumishi yeyote wa serikali anayesoma hapa ameshashika kichwa. Kwa ninyi wengine: dokezo ni ile karatasi ya kuombea ruhusa, inakaa ndani ya jalada, na mkubwa anaandika juu yake amekubali au amekataa. Bila dokezo hakuna kilichotokea. Naweza kuwa nimezungumza na Bwana Shemweta, naweza kuwa nimezungumza na ukuta wa koridoni, kwa masijala, wale wanaotunza majalada, ni kitu kimoja.

Lakini hilo si kosa langu kubwa. Kosa langu kubwa sijamwambia mtu, hata mama ambaye naishi naye nyumba moja. Naliandika hapa kwanza.

Kwenye leseni kuna mstari wa kujaza: haki ni ya nani. Ofisini kwetu mimi naandika barua nyingi mno. Hakuna hata moja inayotoka kwa jina langu. Chini kabisa panaandikwa "Kny: Mkurugenzi", yaani kwa niaba yake, na anasaini mtu mwingine. Miaka tisa sasa. Nimeandika miongozo, nimeandika ripoti, nimeandika hata hotuba moja ambayo watu waliipigia makofi huku mimi nimesimama nyuma ya hema nimeshikilia waya wa spika.

Nilipofika kwenye ule mstari nilijua kinachotakiwa kuandikwa. Nilijua kabisa. Kitu alichotengeneza mtumishi katika kazi yake ni cha mwajiri wake, na mkataba huo niliusaini kwa mkono wangu nikiwa na furaha ya ajira mpya. Ningeandika jina la ofisi, nikaandika dokezo, nikasubiri.

Niliandika jina langu. Majina yote matatu, la kwangu, la baba na la babu. Kisha nikatengeneza chai nikarudi kuliangalia.

Haikuwa bahati mbaya wala haraka. Nilitaka sifa.

Muda ukapita, na programu ikapata mtu mwingine wa kuitunza. Nesi Mwanaidi alinipigia simu akiwa juu kwenye lile jiwe, upepo unavuma mpaka nilikuwa nasikia nusu nusu. "Dada, huyu Kulwa ninaye. Doto simwoni." Mama mmoja alikuwa amejifungua mapacha, na programu yangu, kwa akili yake fupi, iliona mama yuleyule, tarehe ileile, kijiji kilekile, ikadhani nesi amerudia kuandika, ikamfuta wa pili. Doto angepitwa na chanjo zote na hakuna orodha ambayo ingemtaja.

Nilihangaika nalo wiki mbili. Kila nikirekebisha hapa, kunavunjika pale. Mwishowe nikaeleza tatizo kwenye ukurasa wa programu, hadharani, kama mtu anayekiri kwamba chumvi imezidi.

Akajibu mtu anaitwa Yusufu. Alijitambulisha kwa adabu zote: afisa wa kompyuta kama mimi, wilaya ya mbali huko tambarare, zahanati zao walikuwa wanaitumia programu yangu tangu mwaka uliotangulia. Mimi sikuwa na habari. Baada ya siku chache akaniletea sehemu ya mapacha imerekebishwa, imeshajaribiwa kwao, na ujumbe mfupi: "Mimi mwenyewe ni Doto, dada yangu. Hili nisingeweza kulivumilia."

Nilicheka peke yangu ofisini. Nikaipokea kazi yake, nikaiunganisha na yangu, na Doto wa Mlola akaonekana.

Sasa, Yusufu ni mtu wa utaratibu. Mimi ningemtumia mtu kama huyo ujumbe wa asante, yakaisha. Yeye alimwandikia mkurugenzi wake dokezo, na mkurugenzi wake akamwandikia mkurugenzi wetu barua rasmi ya shukrani, yenye kumbukumbu namba na mhuri, nakala kwa watu watatu. Kwamba wanaishukuru ofisi yetu kwa moyo wa kuwapatia programu ya chanjo bila malipo, na wanamtaja mtumishi wetu kwa majina yake matatu.

Sijawahi kuona shukrani ikileta balaa namna ile. Mkurugenzi wetu hakuwa anajua kwamba ofisi imempa mtu kitu. Aliuliza swali moja tu, nalo lilishuka ngazi mpaka likanifikia: nani katoa mali ya ofisi? Walipofungua ukurasa wa programu wakakuta mwenye haki si ofisi, ni mimi. Wiki hiyohiyo nikapokea barua ya kujieleza. Kutoa mali ya umma kwa watu wa nje bila idhini, na kujimilikisha mali hiyo. Siku kumi na nne.

Siku kumi za mwanzo nilizimaliza kwa kumwagilia bustani.

Ijumaa Bwana Shemweta aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akanimiminia chai ya chupa yake mwenyewe. Nilijua ni kubaya, maana ile chupa hampi mtu. Akanipa jibu ambalo ameniandalia. Amelichapa kwa vidole viwili, namjua, lazima lilimchukua siku nzima. Linasema programu niliihifadhi mtandaoni kwa usalama tu, isipotee. Linasema watu wa wilaya ile walijichukulia bila idhini yangu wala ya ofisi. Linaomba ofisi iwaandikie waache kuitumia mara moja, na programu isimamishwe kila mahali mpaka jambo lichunguzwe.

"Saini tu, mwanangu. Utapewa onyo, litakaa kwenye jalada, watu watasahau."

Nikamuuliza, taratibu, kama anakumbuka tulivyoongea koridoni. Aliangalia dirishani. Dirisha lake linatazama mikaratusi, na siku ile kulikuwa na ukungu, hakuna alichokuwa anakiona.

"Koridoni watu wanaongea mengi," akasema. "Mimi nimebakiza mwaka mmoja."

Sikumchukia. Nilitaka nimchukie, ingenisaidia. Lakini alikuwa ameshika kikombe chake bila kunywa, na nikaelewa kwamba mzee huyu anaogopa kuliko mimi. Nikasema asante, nikachukua karatasi, nikatoka.

Tangu Ijumaa nazunguka ndani ya hili jambo na kila mlango ninaousukuma umefungwa kwa nje. Nikisema programu ni yangu, nimeiba saa za serikali na kompyuta yake. Nikisema ni ya ofisi, basi nilitoa ruhusa ambayo haikuwa yangu kuitoa, na wote wanaoitumia wako pabaya kwa sababu yangu. Nikimtaja Bwana Shemweta, nitamharibia mwaka wake wa mwisho kwa maneno ambayo siwezi kuyathibitisha. Nikisaini karatasi yake, mimi nimepona, na Yusufu ni mwizi. Mwizi kwa maandishi, kwenye barua yenye mhuri, mbele ya mkurugenzi wake aliyetushukuru.

Mama nilimweleza jana akiwa anasonga bada, ugali wetu wa muhogo. Sikumwambia habari ya jina, nilimwambia yaliyobaki. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha mwiko.

"Huyo Yusufu umeshawahi kumwona?"

"Sijawahi, mama."

"Basi saini. Mtu hujawahi hata kumwona unataka akutoe kazini?"

Amelea watoto watano kwa kuuza karoti na kabichi, mimi ndiye pekee niliyepata ajira ya serikali, na nyumba hii tunayokaa imesimama kwa ajira hiyo. Tulikula. Nikaenda kulala nikiwa nimeamua kusaini.

Leo baada ya ibada nikakaa kusaini kweli. Kalamu mkononi. Ila mimi ni mtu wa kompyuta, siwezi kusaini kitu sijakihakikisha, kwa hiyo nikafungua msimbo, yale maandishi yenyewe yanayoifanya programu itembee. Unatunza kumbukumbu ya kila mstari, nani aliuandika na lini. Nilitaka tu kujua mingapi niliiandika saa za kazi, nijue ukubwa wa dhambi yangu.

Mingi ilikuwa ya saa za kazi. Hilo nililitegemea.

Nikafika sehemu ya mapacha. Mistari yote pale ina jina la Yusufu. Hakuna hata mmoja wa kwangu, niliifuta yote iliyokuwa imeshindikana. Nikakaa naitazama. Ile sehemu si yangu wala si ya ofisi yangu. Yusufu aliitengeneza huko kwao akatupa sisi, na sisi tumeitumia muda wote huu bila kumwandikia hata barua. Barua ninayotakiwa kusaini inasema yeye amechukua kitu chetu. Hakuna mstari unaosema sisi tumechukua chake.

Nikapanda juu kabisa ya msimbo, kwenye leseni. Angeweza kuongeza jina lake pale, leseni inamruhusu na kazi aliifanya. Hakuongeza. Na langu hakuligusa. Yale majina matatu niliyoyaandika kwa tamaa yangu, yamekaa vilevile kwenye simu za manesi ambao sitawahi kuwaona, kwa sababu mtu mmoja alisoma masharti akayafuata.

Hapo nililia kidogo. Mama alipitisha kichwa mlangoni akarudi jikoni.

Saa nane nesi Mwanaidi akapiga. Amesikia habari, Lushoto si kubwa. Nilisikia ule upepo, nikajua amepanda mpaka kwenye jiwe siku yake ya mapumziko kwa ajili ya kuniuliza swali moja.

"Dada, ni kweli inasimamishwa? Nitafute daftari?"

Nikamwambia sijui bado.

"Maana Doto mwezi uliopita alipitwa. Nilimwona kwenye orodha nikamfuata nyumbani. Kulwa aliletwa, Doto alikuwa na homa siku ile, wakamwacha, wakasahau. Sasa daftarini ningemwonaje mimi, dada?"

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayepanga kazi yake ya Jumatatu.

Ndiyo maana sasa kuna karatasi ya tatu mezani. Nimeiandika kwa mkono, nitaichapa kabla giza halijaingia maana umeme leo siuamini. Inasema hakuna mtu aliyejichukulia chochote, nilitoa mimi. Inasema sikuomba idhini kwa maandishi, jambo ambalo ni kweli tupu, na haisemi lolote kuhusu koridoni. Mzee wa watu amalize mwaka wake. Inasema jina lililopo kwenye leseni si sahihi, kwamba nilipaswa kuandika jina la ofisi na nililijua hilo siku nilipoandika langu. Nimeiambatanisha na dokezo, miaka mitatu baada ya siku yake, la kuomba jina libadilishwe kuwa la ofisi na ruhusa kwa watu wengine ibaki kama ilivyo. Nimeeleza pia sehemu ya mapacha ilitoka wapi, ili anayetaka kutuma barua kwa Yusufu ajue kwanza anamwandikia nani.

Jina kwenye msimbo sijalibadilisha. Natamani nilifute sasa hivi, lakini nimeshafanya mambo ya kutosha bila ruhusa kwa maisha haya.

Sijidanganyi kwamba nimetoka. Barua hii inaweza kunimaliza kuliko ile ya kwanza. Nimekiri kosa ambalo hawakuwa na uhakika nalo, na wanaweza kuchukua jina, wakachukua programu, wakaifunga, kisha wakanifukuza juu yake. Mkurugenzi simjui vya kutosha. Na kwa utaratibu lazima ipitie kwa mkuu wa kitengo, kwa hiyo kesho asubuhi nitampa shikamoo Bwana Shemweta, nitamjibu "Niwedi" bila kuwa mzima, na nitamkabidhi. Ataisoma nikiwa nimesimama. Ataona hayumo.

Mama bado sijamwambia. Anakaanga vitunguu huko jikoni na ana furaha, anadhani nimesaini.

Nimefika mwisho wa barua sasa, pale pa saini. Mkono wangu ulishaanza kuandika "Kny", mazoea ya miaka tisa, nikaacha katikati. Barua ya kujieleza haisainiwi kwa niaba ya mtu. Ndiyo barua pekee ya ofisi ile ambayo mtu wa ngazi yangu anaiandika kwa jina lake mwenyewe.

Nimekata ile "K". Nimeandika majina yangu matatu. Masijala wanafungua saa moja na nusu.